Ndege ya Moja kwa Moja

Dada mtu alikuwa na miaka kumi na minne katika ofisi ya tiketi za ndege. Ukimtajia viwanja viwili, kabla hujafunga mdomo ameshakwambia ni kilometa ngapi na saa ngapi angani. Mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Alikuwa kifungua mimba, na kwa miaka sita ndiye aliyemuuguza mama yao: kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko. Kitinda mimba yuko ughaibuni, anapiga simu Jumapili. Mama akishaisikia sauti yake, siku nzima ni mwanangu hivi, mwanangu vile. Aliyemshikia simu sikioni hakutajwa.

Daktari aliposema zimebaki siku mbili, mdogo mtu alipiga akilia. "Dada, wewe ndiye mjuzi. Nitafutie njia ya haraka, angalau anione."

Kutoka kule hadi hapa ni kilometa elfu saba na ushei. Ndege ya moja kwa moja ilikuwa inaondoka jioni ileile, mwendo wa saa tisa, na kwenye kompyuta aliona safu nzima za viti vitupu. Akamkatia nyingine, ya kubadilisha ndege mara mbili, saa thelathini na moja pamoja na kusubiri. Akamwambia hiyo ndiyo iliyopatikana. Mdogo wake alimshukuru mpaka sauti ikamkauka.

Mama aliishikilia roho. Kila akizinduka aliuliza mwanawe amefika wapi, na binti akamjibu: bado saa ishirini, bado kumi na nne. Zilipobaki sita, mama akasema ana neno la kumwambia.

"Niambie mimi, mama. Nitamfikishia."

"Hili si lako," mama alisema, akageuzia uso ukutani.

Hakusema tena. Alikata roho asubuhi, ndege ya tatu ikiwa bado angani.

Mdogo mtu aliingia na begi begani, akakuta shuka limeshafunika uso. Akamkumbatia dada yake, akamshukuru kwa kuhangaika naye. Akauliza kama mama aliacha neno lolote. Dada akasema hapana, alilala tu.

Siku ya nne baada ya mazishi alikwenda ofisini kwa dada kupanga kurudi. Dada alikuwa ametoka kidogo, akahudumiwa na mwenzake wa meza ya pili. Yule aliitazama tiketi, akashangaa. Akamuuliza kwa nini alijitesa hivyo, na ya moja kwa moja ipo kila jioni, tena mwezi ule haikujaa hata siku moja.

Mdogo mtu akakaa kwenye kiti cha wateja, akamsubiri dada yake. Dada aliporudi, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Kwa nini, dada?"

Dada aliketi, akazipanga karatasi zake. "Miaka sita ulikuwa saa tisa kutoka hapa," alisema taratibu. "Hukuona kwamba ni karibu."

Mdogo mtu alisema anataka kuondoka leo hii, kwa hiyo ya moja kwa moja. Dada akavuta kompyuta karibu, akaandika majina yake matatu bila kuuliza tahajia.

"Dirishani au kwenye ujia?"

Nyuma ya mdogo wake mteja mwingine alikuwa ameshasimama, na dada alingoja, vidole juu ya vitufe.