Jamaa wa Mgonjwa, Njooni Nje

Daktari alikuwa amelala chali katika wodi namba nne, kwenye kitanda ambacho kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa akisimama pembeni yake, aliposikia maneno anayoyajua kuliko jina lake.

"Mwalimu, tunaendelea vizuri," alisema mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye bingwa wa magonjwa ya tumbo. Alitabasamu, akanyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja, kisha akawageukia mke wa Daktari na kaka yake mkubwa. "Mama, na wewe mzee wangu, njooni nje kidogo."

Wakatoka. Mlango wa wodi hiyo una kidirisha cha kioo, na Daktari aliona kila kitu kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti. Alimwona bingwa akimshika mke wake mkono. Alimwona kaka yake, mwalimu wa udereva, mtu wa sauti nene asiyeogopa hata lori lililokatika breki, akijishika kichwa kwa mikono miwili. Alimwona mke wake akiegemea ukuta palepale walipoegemea wake wa watu wengine, mpaka rangi ya ukuta ikachubuka kwa migongo yao.

Waliporudi ndani wote walikuwa wanatabasamu.

"Anasema ni kupumzika tu," alisema mke wake.

"Na kula vizuri," aliongeza kaka, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kukata vitunguu. "Mdogo wangu, mvua zikianza utakuwa mzima wa afya."

Damu ilimchemka Daktari. Ugonjwa hakuukasirikia; ugonjwa haukumjua wala haukumlenga. Alikasirika kwa sababu mchezo ule aliutunga yeye. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, kwamba mgonjwa haambiwi. Mgonjwa anaambiwa "tunaendelea vizuri", na jamaa zake wanaitwa koridoni kupokea mzigo. Wauguzi walimbandika jina la Bwana Njooni Nje, naye alilisikia akacheka, akadhani ni sifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sasa zamu ilikuwa yake, na mwanafunzi wake alikuwa ameuchoma vizuri, kwa mkono usiotetemeka, kama alivyofundishwa.

Wala hakuhitaji kuambiwa. Bahasha ya picha zake iliachwa mezani muuguzi alipokwenda kufuata dawa, Daktari akazichomoa, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Kongosho lilikuwa limevimba, na ini lilijaa madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Macho yake yalikuwa ya manjano kwa wiki ya tatu, na ngozi ilimwasha mpaka kwenye nyayo. Angekuwa mgonjwa wake mwenyewe, angesema wiki sita, nane kwa bahati nzuri. Angesema hivyo koridoni, bila shaka.

Jumamosi alirudishwa nyumbani, na huko kilichomuudhi zaidi ni utii wa mke wake. Mwanamke huyu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini hawakuwahi kumaliza siku bila kubishana: juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya redio. Sasa Daktari akisema redio izimwe, inazimwa. Akisema iwashwe, inawashwa. Siku moja alimchokoza makusudi, akamwambia gauni la bibi harusi alilokuwa akilishona lina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Zamani angerushiwa kibweta cha pini. Mke wake alilitazama lile gauni, ambalo mikono yake ilikuwa sawasawa, akasema, "Kweli mume wangu, nitalifumua."

"Mke wangu," Daktari alisema, "alikwambia nini kule nje?"

"Alisema utapona."

"Nimeziona picha."

"Picha ni picha tu. Usijitabirie mabaya. Kunywa uji wako."

Kaka yake naye alikuja kila alasiri na kisa cha mtu aliyekatiwa tamaa na madaktari akafufuka. Kulikuwa na mmoja ambaye leo anaendesha basi. Kulikuwa na mwingine aliyeoa mke wa pili.

"Alikuwa na kansa ya nini, kaka?"

"Ya... ya humuhumu ndani," alijibu kaka, akiuzungusha mkono wake tumboni kote, na Daktari akafumba macho kama mtu anayesinzia ili wageni waondoke.

Haya yote angeyameza, lakini kulikuwa na suala la binti yao. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mpima ardhi, anayefanya kazi katika mji ulio mbali, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mke alimweleza Daktari kwamba binti ameambiwa baba ana vidonda vya tumbo, na kwamba atakuja mradi wa barabara ukiisha, baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Daktari hakuhitaji kalamu kuipiga hesabu hiyo.

"Mpigie simu aje."

"Ana kazi, tusimsumbue. Na wewe si unapona?"

Basi akampigia mwenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili. "Baba, unaendeleaje?" binti aliuliza, na Daktari akafungua kinywa kusema kweli, na kinywa kile, kilichozoea kazi yake, kikasema, "Tunaendelea vizuri, mwanangu." Jumatano akajaribu tena, sauti ya binti ikaja karibu kabisa sikioni, na kinywa kikatoa maneno yaleyale. Aliitupa simu kwenye mito. Hapo hakukuwa na mwanafunzi wa kumlaumu, wala kaka, wala mke. Wanasema mganga hajigangi. Huyu hata kuzungumza alikuwa hawezi.

Ndipo akaamua kwamba kama mdomo umegoma, mkono hautagoma. Aliomba daftari na kalamu. Hakutaka kuandika habari za maisha yake, ambayo aliyaona ni ya kawaida na yamejaa mikutano. Alitaka karatasi moja tu, ya kubandikwa kwenye chumba cha madaktari, juu ya sinki la kunawia mikono: namna ya kumwambia mgonjwa kwamba hatapona. Alidhani itachukua saa moja.

Karatasi ya kwanza ilijaa maneno ya vitabuni, akaichana. Ya pili ilianza "Ndugu mgonjwa, sayansi ina mipaka yake", ikasikika kama hotuba ya mgeni rasmi anayekaribia kuzindua kisima, akaichana pia. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya upole, yenye mpangilio, na alipoisoma yote aligundua kwamba hakuna popote aliposema mtu anakufa. Alikuwa ameyamung'unya maneno kwa ufundi kiasi kwamba hata yeye, akisoma, alianza kuamini atapona. Akaikunja ikawa donge, akalirusha, likaangukia ndani ya uji.

"Vipi tena?" mke aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Siwezi kuandika sentensi moja! Nimesoma miaka mingapi mimi? Sentensi moja!"

"Pumzika, mume wangu."

"Usiniambie nipumzike!"

Naye akatii, akaendelea kushona, jambo lililomuudhi Daktari mara mbili zaidi.

Alhamisi asubuhi, akiwa amekaa na karatasi tupu magotini, alimkumbuka mpishi wa shule. Hakuwa amemfikiria kwa miaka kumi na mbili. Alikuwa mwanamke mnene aliyepungua mpaka pete yake ikafungwa uzi isidondoke. Kila asubuhi Daktari alipopita na wanafunzi wake, mpishi huyo aliuliza swali moja: "Daktari, nimwite mwanangu aje, au nimwache amalize mitihani yake?" Koridoni, Daktari alikuwa ameshawaambia kaka za mpishi kwamba ni siku chache. Kitandani alimwambia, "Mwache amalize, mama. Tunaendelea vizuri." Mpishi akamshukuru. Alimshukuru! Binti yake alifika siku nne baada ya mazishi, akasimama koridoni na begi lake la shule, akauliza kama mama yake aliacha neno lolote. Daktari alitazama saa yake na kusema kwamba mama alipumzika kwa amani.

Aliliandika lote hilo. Aliandika kuhusu uzi kwenye pete, kuhusu saa aliyoitazama, kuhusu swali aliloulizwa asubuhi tisa mfululizo. Aliandika akilia, tena kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi, na hakukumbuka kujikuna wala kumeza dawa ya maumivu. Uji ukapoa ukafanya utando. Aliandika kuhusu fundi mwashi ambaye hakuambiwa, na kuhusu nahodha wa timu ya netiboli ambaye hakuambiwa. Kwa muda wote wa ugonjwa wake alikuwa mtu wa kugeuzwa, kufunikwa na kunyweshwa. Asubuhi hiyo alikuwa daktari tena, daktari bora kuliko alivyokuwa alipokuwa na koti jeupe, na jambo hilo lilimfurahisha na kumuudhi kwa pamoja, kwa sababu lilikuwa limechelewa.

Mwishoni mwa ukurasa wa sita, sentensi alizozitafuta zikaja zenyewe, fupi, bila pambo.

"Kaa kwenye kiti," aliandika. "Usisimame mlangoni. Mwambie yeye, humo ndani, mbele ya anaowataka. Sema: Ugonjwa huu hatuwezi kuuponya. Utakufa nao. Zimebaki wiki, si miezi. Maumivu tutayatuliza, na hatutakuacha. Unaotaka kuwaona, waite leo."

Aliisoma mara mbili. Halafu akaichukua simu kabla ujanja haujamrudia, akampigia binti yake, na alipoulizwa "Baba, unaendeleaje?" hakujibu kwa kinywa chake. Alisoma. Alisoma kama mtoto anayesoma darasani, neno kwa neno, isipokuwa alibadilisha "utakufa" ikawa "nitakufa".

 Upande wa pili binti akaanza kulia, lakini hakikuwa kilio cha mtu aliyeshtuka. Kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Najua, Baba," alisema. "Najua tangu ulipokuwa wodini. Baba mkubwa aliniambia siku ileile."

"Unajua? Mbona basi huji?"

"Baba..." alisita. "Mimi nipo hapa. Nipo kwa baba mkubwa. Nimefika tangu Jumatatu."

Daktari alidhani hakusikia vizuri. Nyumba ya kaka yake iko nyuma ya soko, mwendo wa dakika kumi, hata mgonjwa anafika.

"Jumatatu ipi?"

"Hii. Nilitaka kuja moja kwa moja. Baba mkubwa akasema nikiingia ghafla utajua kwamba unakufa, na ukijua utakata tamaa. Akasema hata wewe ndivyo ulivyokuwa unawafundisha watu. Tukawa tunatafuta kisingizio. Tulikuwa tumekubaliana tuseme nimekuja kwenye semina, kesho kutwa." Akavuta pumzi. "Jana uliponipigia nilikuwa kwenye kochi lao. Ukaniambia unaendelea vizuri. Nikakujibu nimefurahi."

"Njoo," alisema Daktari. "Njoo hivi ulivyo."

Alipoinua macho, mke wake alikuwa amesimama katikati ya chumba na futi shingoni. Alikuwa amesikia yote.

"Siku tatu!" Daktari alifoka, na sauti ikamkwaruza koo. "Nina siku ngapi mimi, za kugawa hivyo? Mtoto wangu yuko nyuma ya soko, na mimi hapa nanyweshwa uji! Siku tatu mmenilia!"

"Usinipigie kelele!" mke naye akalipuka. "Nani alituambia tunyamaze? Si ninyi madaktari? Nimelia bafuni nimefungulia bomba, ndoo zinamwagika, ili wewe usisikie! Nimefumua gauni zima la watu! Unakufa, unaniacha peke yangu, halafu unanifokea?"

Neno lilikuwa limetoka. Wote wawili walilisikia. Na kila alichosema mke wake kilikuwa kweli.

"Nisamehe," alisema. Akamnyooshea daftari. "Soma. Nimeliandika kwa ajili ya wenzangu. Lakini wewe ndiye niliyepaswa kuanza naye."

Mke alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwa mpishi aliketi sakafuni. Hakusema kwamba ni zuri. Alisema tu, "Mpe yule mwanafunzi wako alisome mbele yako, tena kwa sauti," na Daktari akakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Binti aliingia akihema, vumbi la njia ya sokoni likiwa limempanda mpaka magotini. Hakusalimia. Alikuja mpaka kwenye kitanda, akayatazama macho ya manjano ya baba yake, akauliza kama wanavyouliza watu wa kazi yake, wanaotaka kipimo wala si maoni.

"Baba, umebakiwa na muda gani?"

Macho ya Daktari yalikimbilia mlangoni kwa mazoea, kutafuta ni nani wa kuitwa nje. Hakukuwa na mtu. Mke alikuwa sakafuni na daftari, binti alikuwa mbele yake, na swali lilikuwa lake.

"Wiki sita," alisema. "Nane, tukiwa na bahati."

Binti alitikisa kichwa taratibu. Akajifuta uso kwa mkono wa shati lake.

"Basi sogea," akasema, akapanda kitandani na viatu vyake.