Faida Tatu za Msiba

Kwa miezi saba Zubeir hakuonekana msikitini, na hapana mtu wa Pujini aliyelihisi pengo lile kama Maalim Hafidh. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, wakaoa mwaka mmoja, na tangu Hafidh aanze kusalisha, Zubeir ndiye aliyesimama nyuma yake hasa. Sasa kila alipogeuka kunyoosha safu alimwona mtu mwingine.

Hafidh, mwalimu wa skuli aliyependa kila jambo lifuate utaratibu, aliufuata utaratibu uliozoeleka. Baada ya alasiri aliwachukua wanaume wanne, wakaenda kumgongea mwenzao mlango na kumkumbusha sala.

Zubeir alikuwa uani anachambua karafuu, akitenga makonyo, vile vijiti vyake, upande mmoja. Aliwatazama, akawahesabu kwa kidole.

"Watano! Yakhe, mmekuja kunifunga kamba?"

"Tumekuja kukuona tu," alisema Bakar, imamu msaidizi.

"Basi mshaniona."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku ile Hafidh hakula vizuri. Aliogopa kwamba akigonga tena vibaya, mlango ule hautafunguliwa kamwe, na atakuwa amempoteza rafiki pamoja na muumini. Kesho yake alikwenda peke yake, hoja zake zimepangwa kichwani kama somo la ubaoni. Mwanakhamis, mke wa Zubeir, alimpokea uani.

"Maalim, kama umekuja kusomesha, hapa skuli imefungwa. Kama umekuja kuchambua karafuu, jamvi lile pale."

Hafidh alivua viatu, akakaa jamvini mkabala na Zubeir.

Alichambua siku ile na siku nne zilizofuata. Walizungumza juu ya mvua, juu ya mikarafuu iliyozeeka, juu ya vidole vya Hafidh vilivyozoea chaki.

"Konyo hilo umeliweka kwenye karafuu, Maalim. Na hii ndiyo digrii?" alisema Zubeir.

"Digrii yangu ya jiografia, bwana."

Mara nyingi neno la sala lilimfika ncha ya ulimi, akalimeza. Haikuwa kazi rahisi kwa mtu ambaye riziki yake ni kusema.

Siku ya sita, bila ya kuinua macho, Zubeir alisema, "Unajua kwa nini siji?"

"Nadhani ni huzuni ya Rawya."

Rawya alikuwa binti yao wa pekee. Homa ya siku tatu ilimchukua akiwa na miaka kumi na tisa.

"Huzuni nnayo, lakini siyo iliyonizuia. Tulipotoka kuzika ulisimama ukatoa mawaidha. Ulitaja faida tatu za msiba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakakusifu. Mie nilikuwa na udongo wa kaburi la mwanangu kwenye kucha, sijui hata nguo zake nizipeleke wapi. Tangu hapo nikikusikia unasoma, nakusikia unahesabu."

Hafidh aliyakumbuka mawaidha yale. Aliyaandika usiku kucha, akaridhika na mpangilio wake. Angeweza kusema kwamba kila neno lilikuwa la kweli, na lilikuwa la kweli. Lakini aliuona kwa mara ya kwanza uso wa mtu aliyeambiwa.

"Nilikosa," alisema. "Nilisema kabla sijakaa na wewe. Nisamehe, Zubeir."

Zubeir alichukua konyo jingine, akalitupa upande wake. Hafidh aliuliza, "Alikuwa akipenda nini, Rawya?"

Mwanakhamis ndiye aliyeanza kusimulia, na Zubeir akamsahihisha, na mara wote wawili wakawa wanacheka juu ya binti aliyechoma sufuria tatu katika mfungo mmoja. Hawakuliona wingu mpaka matone yalipoanguka. Karafuu za wiki nzima zilikuwa zimeanikwa, na adhana ya magharibi ikaanza.

Hafidh alisimama. Hakuwahi kuikosa sala ya jamaa ya magharibi. Aliutazama msikiti, akatazama majamvi, kisha akashika pembe ya jamvi.

"Bakar atasalisha," alisema. "Shika huko!"

Walipomaliza kuingiza karafuu ukumbini walikuwa wamerowa chepechepe.

"Niruhusu nisali hapa barazani," aliomba Hafidh.

Zubeir aliingia ndani. Hafidh alidhani ameharibu tena. Lakini Zubeir alitoka na birika la maji, na msala wa kijani kwapani.

"Wa Rawya," alisema. "Tandika."

Hafidh alisali polepole, kwa sauti ya chini iliyotaka kukatika. Alipotoa salamu alimwona Zubeir amekaa ukingoni mwa baraza, mgongo umeegemea nguzo, macho mekundu. Hakusali. Wala hakuondoka.

Maneno mazuri yalimjia Hafidh, yamejipanga tayari. Aliyaacha yapite. Alianza kuukunja msala.

"Uwache," alisema Zubeir. "Kesho karafuu bado nyingi. Utachelewa tena."

Hafidh aliuwacha ulipo, akaaga, akashika njia ya matope kurudi kwake.