Bwana Starehe wa Uani

Asubuhi ile mama alishuka uani na beseni la nguo, akamkuta mwanamume asiyemjua amekaa kwenye benchi, shati la mikono mifupi, viganja juu ya magoti, hana jasho hata tone. Jambo hilo alilitia akilini. Tangu mwenye nyumba aezeke vioo juu ya ua ili mvua isimchafulie sakafu, hapakuwa na mtu asiyetoka jasho pale, na mjukuu wake mchanga alikuwa ameota vipele vya joto shingo nzima.

"Hujambo, baba?"

"Safi tu."

Mama akamwita binti yake. Yeye ndiye aliyepewa na mwenye nyumba kazi ya kupima joto la ua kwa kompyuta. Ikionekana watu wanateseka, vioo vitolewe. Binti akashuka na mtoto mgongoni, akamtazama yule mtu, akamtambua.

"Huyu nimemweka mimi kwenye kompyuta, mama, naona ametoka. Kompyuta haipimi joto bila mtu wa kulisikia. Wapimaji wote humweka huyuhuyu: mtu mzima, amekaa, hafanyi kitu."

"Akasemaje?"

"Kwamba yuko vizuri."

"Atakosaje kuwa vizuri, naye amekaa?"

Wakamwita Bwana Starehe. Pale alipokaa palikuwa na ubaridi, ukifika umbali wa mkono ulionyooshwa. Watoto wakahamia miguuni pake. Jirani wa juu akawa anaweka maziwa chini ya benchi yasiharibike.

"Mume ndiye huyu," alisema. "Hali chakula, hagombi, na anapoza maziwa. Wangu hata chai yake nampozea mimi."

Walicheka, lakini roho ya mama haikutulia. "Niweke na mimi," alimwambia binti yake. "Mchana, nafua, jiko linawaka pembeni, mjukuu mgongoni."

Binti akamweka. Kompyuta ikawa nyekundu tupu kwa joto, na kulipokucha alikuwepo mama wa pili uani, kilemba kilekile, ameinama kwenye beseni, jasho linamchuruzika.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

"Nachemka. Nisogezee sabuni."

Mwenye nyumba akaja na leso mkononi. Alipomkaribia Bwana Starehe, jasho likamkauka.

"Joto vipi hapa?"

"Safi tu."

Akamgeukia mama wa pili. "Na wewe, mama?"

"Nachemka, baba."

"Unachemka kwa sababu unafanya kazi," alisema kwa upole. "Ukikaa utaona ua hauna neno. Vioo vibaki."

"Lakini wanaoishi hapa ndio hawa," binti alisema.

"Kwani huyu kwenye benchi anaishi wapi?"

Na kweli, yule hakuwa na kwingine.

Tangu hapo, mama akisikia mtu anajengewa nyumba, humwahi mlangoni: usikubali mchoro, mwanangu, kabla hujauliza wamemkalisha nani ndani yake.

Mchana mjukuu hulazwa mapajani mwa Bwana Starehe, naye hampakati wala hamkatai. Vipele vya upande wa kwake vimekauka. Vya upande wa pili bado. Vioo vinang'aa juu. Mama na mwenzake hushika shuka, huyu ncha hii na yule ile, wakalisokota, maji yakatoka yote. Mama amekiri kwamba akiwa peke yake hakuwahi kukamua vizuri namna hiyo.