Balbu za Chumba cha Nyuma

Damaris aliporudi kutoka likizo kwa wanawe huko Kisii, alikuta chumba chake kimefungwa kwa kufuli jipya.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, kisicho na dirisha, lakini alikuwa amelala humo miaka minne, tangu alipoajiriwa kumtunza Bi Tufaha. Bi Tufaha alikuwa mjane wa Kizanzibari wa miaka sabini na sita, na magoti yake yalikuwa yamechoka kumbeba. Waliishi wawili tu katika ghorofa ya tisa huko Al Jaddaf, katika nchi ya Kiarabu. Bibi alimwita Damaris mwanangu, na wageni wakija alimkalisha mezani pamoja nao.

Sasa godoro la Damaris lilikuwa limetandikwa chini, chumbani kwa Bi Tufaha.

"Ndiyo vizuri hivi," Bibi alisema. "Nikikuita huna haja ya kuja mbio. Kile chumba Luay kaweka mitambo yake ya kompyuta. Hataki kiguswe, anasema vumbi linaiharibu."

Luay alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Raghad. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa karani katika kampuni ya mizigo kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, mpaka alipoachishwa kazi, akahamia kwa bibi yake wakati Damaris yuko Kenya. Alikuwa mpole, sauti yake ya chini. Ndani ya siku tatu alimwomba Damaris kitu.

"Dada, ukishuka dukani nichukulie balbu. LED hizi za kawaida za nyumbani, nyeupe. Kumi."

Wiki iliyofuata alitaka kumi nyingine, na soketi zake.

"Safari hii usiende duka lile lile," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwengine wana nzuri zaidi. Yalla, dada, nisaidie."

Jua lilikuwa kali na Damaris hakuona sababu ya kuvuka barabara mbili kwa ajili ya balbu. Alirudi kwa Aiman, muuza vifaa vya umeme wa chini ya jengo la jirani. Aiman alijaza kadi ya waranti kama kawaida yake: jina la mnunuzi, namba ya simu, tarehe.

"Ikiungua unairudisha," alisema, kisha akacheka. "Madam wako anafungua hoteli?"

Damaris alicheka naye. Lakini akiwa kwenye lifti alijiuliza kompyuta zinataka taa za nini.

Baada ya hapo alianza kuona mambo. Mwanga chini ya mlango ule haukuzimwa mchana kutwa. Ukiweka kiganja kwenye mbao ulihisi joto, na ndani palikuwa na feni inayonguruma bila kupumzika. Luay, ambaye zamani alikuwa akilalamika kwamba udi unamuumiza kichwa, sasa aliufukiza kwa chetezo jikoni asubuhi na jioni. Bi Tufaha alifurahi. "Mjukuu wangu kakua," alisema. Chini ya ule udi palikuwa na harufu nyingine, mbichi na nzito, ambayo Damaris aliijua lakini hakutaka kuipa jina.

Ijumaa moja Luay alichelewa kwenda msikitini. Alitoka mbio, na kufuli likabaki linaning'inia wazi kwenye komeo lake. Damaris alikuwa anaosha vyombo. Alisimama mbele ya mlango mikono ikidondosha maji, kisha akausukuma kwa goti.

Mwanga ulimpiga usoni. Kuta karibu zote zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi za alumini za jikoni. Chaga za kitanda chake zilikuwa zimefanywa meza, na juu yake balbu zilikuwa zimefungwa kwa safu kwenye ubao, zile zile alizozibeba kwenye mfuko wa plastiki. Chini ya balbu kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo miche imesimama hadi kiunoni, majani yake kama vidole vilivyopanuliwa. Sweta lake la kijani lilikuwa limesokotwa kuziba nafasi juu ya mlango wa bafu la chumba hicho. Kalenda ya kanisa lake ilikuwa bado ukutani, na jina lake aliloliandika kwa kalamu juu yake: Damaris Kemunto.

Alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga friji.

Alimwendea Bi Tufaha aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kusali. "Bibi, njoo uone. Kuna bangi ndani ya nyumba."

Bi Tufaha aliinuka kwenye mswala. Alichukua mkongojo wake, akavuka jiko hatua kwa hatua, akachungulia. Mwanga ule mweupe ulimfanya aonekane kama maiti aliyekwisha oshwa. Kisha akauvuta mlango na kulibana kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

"Damaris mwanangu," alisema, "wewe hujaona kitu."

Luay aliporudi, bibi na mjukuu walijifungia wakazungumza Kiarabu. Damaris alisikia kilio cha Bibi. Luay alitoka akamkuta jikoni.

"Wiki mbili tu, dada, halafu khalas. Natoa kila kitu."

"Toa leo."

"Siwezi leo." Alishusha sauti zaidi. "Na usifikirie kwenda kusema popote. Balbu zote zina kadi, na kadi zina jina lako. Chumba ni chako. Watu watamwamini nani?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Damaris kuliko yote.

Jumapili mlinzi wa jengo, Jairus, Mkenya mwenzake kutoka Vihiga, alileta karatasi ya wasimamizi. Maji yalikuwa yanavuja kwenye dari ya ghorofa ya nane, chini tu ya chumba cha nyuma. Fundi angekuja kesho yake saa nne asubuhi, na kila chumba kiachwe wazi.

Luay aliisoma karatasi ile akatoka bila viatu, akarudi kuvaa, akatoka tena. Miche ilikuwa mingi, na kwenye lifti na korido zote kulikuwa na kamera. Hapakuwa na njia ya kuitoa.

Alasiri Bi Tufaha alimwita Damaris wanywe chai. Alimmiminia yeye mwenyewe, akamwekea na vileja.

"Kesho wakiuliza," alisema, "wewe sema vitu ni vyako."

Damaris alidhani hakusikia vizuri. "Bibi?"

"Wewe watakurejesha kwenu tu. Utakaa na wanao. Luay ana maisha yake yote hapa. Wakimchukua yeye, mama yake atakufa, na mimi ntakufa."

"Hawatanirudisha, Bibi. Watanifunga."

"Tutakuwekea wakili. Sikwambii useme uongo mkubwa. Chumba si chako? Si chako miaka minne?"

Damaris alimtazama mwanamke ambaye yeye alimwosha miguu kila siku na kumkata kucha. Alitafuta usoni mwake mtu aliyekuwa akimwita mwanangu. Alikuwepo. Alikuwa pale pale, analia, na alimaanisha kila neno.

"Nimesikia, Bibi," alisema, akakusanya vikombe.

Asubuhi saa mbili alimpa Bi Tufaha dawa zake, akamwekea maji karibu, akashuka chini akiwa bado na aproni. Jairus alikuwa mezani kwake.

"Nipigie polisi," Damaris alimwambia, na akamweleza sababu.

Jairus aliweka kalamu chini. "Damaris, nikipiga hiyo simu, na wewe utaenda nao."

"Najua. Piga tu."

Walikuja kimya, wanaume watatu na ofisa mmoja mwanamke. Luay alifungua mlango akasema hajui lolote, hicho ni chumba cha mfanyakazi. Ofisa yule alikaa karibu na Bi Tufaha kwa adabu, akamwuliza kwa Kiarabu chumba cha nyuma ni cha nani. Damaris alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Bi Tufaha hakumtazama.

"Cha khaddama," alisema. Cha mtumishi. Katika miaka yote minne Damaris hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake kwa ajili yake.

Waliwachukua wote wawili, yeye na Luay. Damaris alikaa ndani siku kumi na moja. Walimpima mkojo, wakamwuliza maswali yale yale kupitia mkalimani, wakamwonyesha kadi za Aiman moja baada ya nyingine. Kila mara alijibu ndiyo, nilizinunua, niliagizwa. Aliona jinsi jibu hilo lilivyosikika dogo ndani ya chumba kile. Siku ya saba aliacha kula. Siku ya kumi na moja mkalimani alimwambia kwamba simu ya Luay ilikuwa na picha za miche tangu ikiwa midogo, alizokuwa akimtumia rafiki yake, na tarehe za picha hizo zilikuwa za wakati Damaris yuko Kisii.

Walipomwachia, alimkuta Raghad getini, amevaa miwani ya jua, begi la nguo za Damaris miguuni pake.

"Mama anauliza kama utarudi," Raghad alisema. "Hana mtu. Chumba tumekipaka rangi."

Damaris alitaka kumwambia mengi. Alichukua begi, akasema, "Msalimie," akaenda zake kituo cha basi.

Sasa anafanya kazi kwa familia nyingine, na analala chumba kimoja na Annah wa kanisani kwao. Kesi ya Luay bado inaendelea. Wiki iliyopita simu ya Damaris iliita akiwa anapiga pasi, akapokea bila kutazama namba.

"Damaris mwanangu," sauti ilisema. "Unasali bado?"

"Nasali, Bibi."

"Niombee."

Damaris alisimama, mkono juu ya pasi, akimsikiliza Bi Tufaha akipumua, akisubiri kuitikiwa. Nguo ilianza kuungua. Aliinyanyua pasi, na simu akaikata.