Viti vya Marehemu Candide

Léoncie alimchagua Maître Xavier kwa sababu ya ulimi wake, na hilo ndilo lililokuja kumtia kinyaa. Ilikuwa siku ya kuganduka, watu wa mtaa wa Cibitoke walipokusanyika kumaliza matanga ya rafiki yake Candide na kusikia nani kaachiwa nini. Maître, mwanasheria aliyepewa kazi ya kusimamia mirathi, alisimama na suti yake akaongea vizuri hadi chupa za bia zikasahaulika mezani. Vyote vimewafikia wenyewe, alisema, isipokuwa mashine ya kushonea aliyoachiwa Prodige, binti wa jirani aliyemuuguza Candide. Hiyo haikuonekana. Akamtazama Prodige, na watu wakaelewa walichotakiwa kuelewa, kwamba alishaiiba na kuiuza kabla ya mgao.

Toka siku hiyo Léoncie hakumsalimia tena Prodige. Akimwona anakuja, anavuka barabara. Mtu anayemwibia marehemu, alijisemea, hata mkono wake haushikiki.

Léoncie naye alikuwa na lake. Moyo ulikuwa umechoka, daktari hakumficha, na nyumba yake alitaka imfikie Amélie, mtoto aliyemlea bila kumzaa. Mashemeji zake, ndugu wa mume wake aliyefariki, walishaanza kuipima kwa macho kila walipokuja kumjulia hali. Fisi wakubwa! Alihitaji mtu asiye wa ukoo, anayeijua sheria, basi akamkumbuka yule mwenye ulimi. Maître alimfuata nyumbani, akachukua hati ya nyumba, akamwambia aje ofisini kwake, mtaa wa Kigobe, wiki inayofuata kutia sahihi.

Alipofika, wateja watatu walikuwa wanasubiri sebuleni, kila mmoja na bahasha ya hati zake. Léoncie akakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu. Mgongo wake ulikijua kile kiti kabla yake, kama vile vya sebuleni kwa Candide, lakini akajiambia viti vinafanana.

Ndani, Maître alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu mama, ikala. Papier zako ziko tayari, inabaki sahihi tu."

Léoncie hakukaa. Alikuwa anatazama printa iliyowekwa kwenye kona, juu ya kitu kilichofunikwa. Chini yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye ukingo wa zambarau upande mmoja tu, kwa sababu uzi mweupe ulimwishia. Alikifuma mwenyewe, zawadi ya Candide. Akakifunua ncha. Mashine ya Candide, na pedali yake iliyofungwa kamba.

Alilichukia lile tabasamu, yale manukato, zile kucha safi zilizopekua kabati za marehemu. Na zaidi alijichukia mwenyewe, kwa jinsi alivyomkwepa mtoto wa watu barabarani.

"Iyi mashini," alisema, "ulituambia aikuonekana."

"Ilionekana kisha, mama. Mi naichunga tu."

"Na Prodige ulimuambia?"

Maître akaenda kufunga mlango. Akatoa hati ya nyumba kwenye droo, akaisukuma mezani.

"Mama, kamata titre yako, wende polepole. We aukuona kitu, na mi sitasema kitu. Mashemeji bakijua unamupa nyumba mutoto wa inje, utamaliza siku zako mu vita."

Léoncie aliichukua hati, akaificha kifuani. Angeweza kutoka kimya kimya. Nyumba ya Amélie ingesalimika, na yeye angerudi zake kulala. Lakini mguu uligoma kwenda, akamtazama yule mtu kutoka viatu hadi kichwa.

"Apana. Mashemeji nitabaambia mi mwenyewe, leo, mbele ya watu. We ni uchafu, Maître. Na suti yote iyo ni uchafu."

Akaufungua mlango wazi. Wateja watatu wakageuka.

"Simameni, bapendwa. Ivyo viti ni vya marehemu Candide. Uyu mutu amevichukua."

Wakasimama wote watatu. Mzee mmoja alikitazama kiti, akaitazama bahasha yake, kisha akaisokomeza ndani ya koti na kutoka.

Léoncie akarudi, akavuta kigoda na kuketi mbele ya mashine. Maître alikuwa anasema jambo, hakumsikiliza. Akatoa simu.

"Prodige, mwanangu, mashini ya Candide niko nayo apa Kigobe, kwa Maître. Leta mutu wa kuibeba, na leta majirani baone. Na ukifika usinisalimie kwanza. Mi ndiye nitaanza."