Kura Tatu za Fundi Sofa

Mkewe alipofariki, fundi sofa aliigeuza karakana yake kuwa kampuni, akawagawia binti yake na mwanawe wa kiume hisa sawa na zake. Wakili alipomuuliza lengo la kampuni, alijibu, "Watoto wasiache kuja." Wakili akacheka, akaandika: kutengeneza na kuuza samani.

Leo ilikuwa siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Fundi alifagia maranda, akapanga viti vitatu vyenye kitambaa kipya, akavaa koti lake la harusi. Mara simu ikaita.

"Baba, kazi zimenibana," binti yake alisema. "Nimekuteua wewe upige kura kwa niaba yangu. Kaka naye kasema hivyohivyo."

"Haya, mama. Hamna neno."

Neno lilikuwepo, ila aliliweka kwenye ajenda.

Sheria nayo ina vituko vyake: mkutano ulikuwa umetimia, maana wenye hisa wote waliwakilishwa, japo wote watatu walikuwa ndani ya koti moja. Fundi akafungua kikao, akajikaribisha, akaleta hoja: mwakani kila mwenye hisa aje mwenyewe.

Akanyoosha mkono kwa kura yake. Akahamia kiti cha pili, akanyoosha kwa niaba ya binti. Akahamia cha tatu, akanyoosha kwa niaba ya mwanawe. Sponji ilikuwa bado ngumu, haijawahi kukaliwa.

Hoja ikapita. Hakuna aliyepinga.