Fahali wa Mwaka wa Arakaza

Jumatano ya mwisho ya Januari 2025, Nduwayo alinunua zipu dazeni mbili, nyuzi nyeusi sita na lastiki mita kumi katika duka la Bibi Fang mjini Lilongwe. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa minibasi ya kwanza, na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne.

Siku hiyo ilikuwa mwaka mpya wa akina Bibi Fang. Alikuwa amebandika karatasi nyekundu juu ya mlango, na kila mteja alipewa kalenda yenye picha za wanyama kumi na wawili na miaka ya kila mmoja. Bibi Fang alizungumza Chichewa kizuri kuliko cha Nduwayo. Alimweleza kwamba kila mwaka una mnyama wake, na mtu huwa wa mnyama wa mwaka aliozaliwa, kama anavyokuwa wa ukoo wake, apende asipende.

"Umezaliwa lini, bambo?" alimuuliza, kama wenyeji wanavyomwita baba.

Nduwayo alitoa kadi ya ukimbizi. Kadi ilisema tarehe mosi Januari 1965. Bibi Fang alisema watu wote wa Dzaleka wanaofika dukani kwake wamezaliwa tarehe mosi Januari, na kwamba tarehe hiyo inamchosha, maana siku hiyo mwaka wa kwao huwa haujageuka bado. Mtu wa Januari mosi huhesabiwa na mnyama wa mwaka uliotangulia.

"Wewe basi ni wa 1964," alisema. "Joka."

Nduwayo alikaa wima safari nzima ya kurudi. Alikuwa mtu aliyejifunza Kiingereza katika shule ya jioni akiwa na miaka hamsini, na aliyekuwa akisahihisha mabango ya kambini kwa kalamu nyekundu bila kuombwa na mtu. Joka lilimkaa vizuri. Alibandika kalenda ukutani juu ya cherehani, na kufikia Ijumaa jioni majirani wote walikuwa wameshaambiwa.

Jumamosi asubuhi wanyama walikuja.

Nduwayo alitoka kunawa uso, akamkuta mbuzi mweupe amesimama kando ya ndoo yake. Upande wa pili wa ua, jirani yake Mbaraka, mtu wa Kindu, alikuwa akipanga samaki wakavu mezani. Nyuma ya meza alikuwa amelala simbamarara.

"Mzee Nduwayo, jambo," alisema Mbaraka. "Iyo mbuzi ni ya nani?"

"Inaonekana ni wangu."

"Si ulituambia we njo joka?"

"Kadi inasema joka."

"Basi kadi na mbuzi biongee byenyewe. We iko na bahati, papa. Mi nauzisha samaki, na tangu asubuhi bantu banapitia kule ng'ambo tu." Alimtazama simbamarara. "Na anakula."

Nduwayo aliingia ndani, akaitazama kalenda. Mbuzi alikuwa wa 1967. Marehemu mama yake alikuwa akisema hivyo siku zote, kwamba alimzaa mwaka 1967, mvua zilipochelewa, na ni karani wa kambi aliyeandika mwaka mwingine. Kwa hiyo wanyama hawakufuata kadi. Nduwayo alimpokea mbuzi wake kwa uso wa mtu aliyeitwa mbele harusini kisha akaonyeshwa kiti cha nyuma, akamkatia majani ya viazi.

Mambo yalipangika kabla ya saa sita mchana. Aicha, mke wa Mbaraka, aliletewa nguruwe, lakini nguruwe mwenyewe alijua adabu. Alilala ng'ambo ya njia na hakuvuka kamwe kuja kwenye nyumba ya Waislamu. Léoncie, mke wa Nduwayo, alipata panya, naye akamweka ndani ya fundo la kitenge chake. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yakizimika, alimtambua kwa vidole.

"Ana moyo wa haraka huyu," alisema. "Papa Arakaza, mtoto amepata nini?"

Binti yao Arakaza, kwa kadi, alizaliwa Januari mosi 2006. Kwa hesabu ya Bibi Fang alistahili jogoo. Jogoo hakuja. Mlangoni alikuwa amesimama fahali mwekundu, mrefu, mwenye pembe ndefu kama za ng'ombe wa Burundi, si kama hawa wafupi wenye nundu wa hapa Dowa. Alikuwa ameinamisha kichwa ili pembe zisiguse mabati, na Arakaza alikuwa akimtoa kupe sikioni.

Nduwayo alivua kofia. "Amashyo," alimwambia yule fahali, kama wazee wa kwao wanavyosalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe. Kisha akarudi kwenye kalenda, akaweka kidole kwenye picha ya ng'ombe. 2009. Akaketi juu ya kiti cha cherehani.

Arakaza alizaliwa Agosti 2009. Nduwayo na Léoncie walilijua jambo hilo, kwa kuwa walikuwapo. Lakini walipofika Dzaleka mwaka 2015 mtoto alikuwa na miaka sita na miguu mirefu. Karani alimtazama kutoka utosini hadi kwenye vidole, kama mtu anayekadiria gunia, akaandika miaka tisa. Sasa kwa karatasi alikuwa na miaka kumi na tisa, na karatasi ilikuwa na kazi. Mwezi Desemba familia ilikuwa imekubaliwa kwenda nchi ya mbali yenye hospitali inayoweza kuzuia macho ya Léoncie yasizimike. Faili lilikuwa na majina mawili. Arakaza, walisema, ni mtu mzima. Afungue faili lake mwenyewe na asubiri. Kambini palikuwa na watu waliosubiri miaka kumi na mmoja. Kama Nduwayo angekataa kuondoka, faili lingefungwa, na daktari alikuwa amesema macho ya Léoncie hayatayaona mavuno ya mwaka utakaofuata.

Jumatatu Nduwayo alivaa koti, akaenda ofisini na binti yake, kalenda, mbuzi na fahali. Karani aliyekuwa zamu aliitwa Robert. Juu ya kabati la mafaili alikuwa amekaa sungura wake, akitafuna pembe ya bahasha. Robert alitoka nje, akamzunguka fahali mara moja.

"Huyu ni wa 2009," alisema. "Hakuna ubishi."

"Basi tarehe ibadilishwe."

"Mzee wangu, mimi nakuamini. Ng'ombe hasemi uongo. Lakini kompyuta ina nafasi ya tarehe, haina nafasi ya mnyama." Akafikiri kidogo. "Ninachoweza kufanya hapa ni kumwandikisha. Umesikia waraka mpya wa wanyama? Kila mnyama lazima awe na kadi na chanjo."

Alichukua fomu. Akaandika: ng'ombe, dume, mwekundu. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa alimfungua fahali mdomo, akaangalia meno, akaandika Januari mosi 2019. Fahali alisimama wima alipopigwa picha.

"Kwa hilo lingine," Robert alisema, "nenda Lilongwe, kwa mkubwa. Nitakupa ruhusa ya siku tano."

Minibasi hazikumkubali fahali. Walitembea siku mbili, Nduwayo, Arakaza na wanyama wao, kando ya barabara ya lami. Hakuna aliyewashangaa; waendesha kabaza, baiskeli za abiria, walipiga kengele wapishwe, basi. Watoto wa wenyeji walipata wanyama wao pia, ila wao walikuwa na vyeti vya kliniki, kwa hiyo wanyama na karatasi vilikubaliana na mambo yakaisha. Usiku walilala mtaa wa Area 25, uani kwa mshona viatu mmoja Mrundi. Nduwayo aliota yuko njiani anatembea, na alipoamka alikuwa amechoka mara mbili.

Dukani kwa Bibi Fang walipita kwanza. Yeye alimpa fahali kabichi, kisha akaandika barua na kuipiga muhuri mwekundu wa duka. Barua ilisema kwamba mwenye fahali huyu alizaliwa kati ya tarehe 26 Januari 2009 na 13 Februari 2010, na kwamba hilo si suala la maoni.

Mkubwa wa ofisi alikuwa mama mmoja aitwaye Epiphanie, mtu wa upande wa Bukavu, aliyesomea kazi hiyo Ulaya. Nyoka wake alikuwa amejizungusha kwenye mguu wa kiti. Alimkaribisha Nduwayo vizuri, akaagiza fahali apelekewe maji kwenye maegesho, akaisoma barua ya Bibi Fang mara mbili. Kisha akavuta faili la mwaka 2015, akaligeuza ili Nduwayo aone.

"Papa, hii signature ni ya nani?"

Saini ilikuwa nzuri. Ilianza na N kubwa yenye mkia na kumalizikia kwenye mstari uliopinda chini ya jina zima. Siku ile watu wote kwenye foleni walikuwa wamebonyeza dole gumba, naye alikuwa ameomba kalamu.

"Ni yangu."

"Hapo juu imeandikwa, kwa Kiingereza, kwamba umesoma na umekubali habari zote ni za kweli. Ulisoma kabla ya kusaini?"

Arakaza alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu ndiye aliyefundishwa na baba yake, kila jioni, kwamba mtu anayejua kusoma hapelekwi popote kama mzigo. Nduwayo alilitazama koti lake mwenyewe, vifungo vyote vitano.

"Sikusoma," alisema. "Wakati ule nilijua kuandika jina langu, Kirundi, na Kifaransa kidogo. Kiingereza sikujua hata neno. Niliona aibu kuuliza."

Nje, fahali alisikika akinywa.

"Merci, papa," Epiphanie alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Bengi banakuja hapa, banasema balisoma." Aliandika maneno mengi pembezoni mwa faili. "Nitaituma juu. Nitaweka barua, nitaweka picha ya ng'ombe, nitaweka na maneno yako."

Walipokuwa wakiondoka mjini Arakaza alimchukulia baba yake begi bila kuombwa. Walipofika njia panda ya Area 49 ndipo aliposema.

"Papa, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikuuza kwa mkia wa herufi?"

"Hukuniuza. Ulitaka tu wakuone."

"Wameniona," Nduwayo alisema.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilikuwa la heshima na la kurasa mbili. Lilikiri kwamba fahali ni wa 2009 na kwamba ni wa Arakaza. Liliagiza fahali apewe nafasi ya kulala kambini na chanjo bila malipo. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa ya Arakaza, lilisema habari zilizosainiwa na mkuu wa familia hubaki kama zilivyo, isipokuwa kwa cheti cha kuzaliwa kutoka nchi ya asili. Arakaza alizaliwa nyumbani, kilimani, mikononi mwa nyanya yake, na nyanya hakutoa vyeti. Liliongeza kwamba wanyama wa wasafiri walioidhinishwa wataruhusiwa kusafiri.

Léoncie alisomewa barua yote. Alimsugua panya wake kichwani kwa kidole.

"Mi sitaenda," alisema.

"Mama, utaenda," Arakaza alisema. "Ukibaki, utakuwa kipofu, na mi bado nitakuwa na miaka kumi na tisa."

Walipanga Arakaza akae kwa Aicha, ambaye alikuja mwenyewe kumchukua. "Huyu ni mtoto wangu tangu zamani," Aicha alisema. "Atalala na binti zangu. Ng'ombe alale na nguruwe ng'ambo kule, basikilizane."

Basi lilikuja Jumanne, mwezi wa sita, saa mbili asubuhi. Abiria walipanda na wanyama wao kwa mpangilio wa orodha. Nduwayo alipata kiti cha dirishani, mbuzi akaweka kidevu gotini kwake. Léoncie alikaa kando, mkono ndani ya fundo la kitenge. Dereva aliwasha injini, akaizima.

Fahali alikuwa amelala barabarani, mbele ya basi, kutoka ukingo hadi ukingo.

Dereva alipiga honi. Askari wa zamu walikuja na kamba, wakamvuta kwa saa nzima, kisha wakaketi kivulini. Mbaraka alimleta simbamarara wake; wanyama hao wawili walitazamana, simbamarara akalala pia. Abiria waligawiwa chai. Nduwayo alimtazama fahali kupitia kioo cha mbele na kwa mara ya kwanza tangu Januari kifua chake kikapumzika. Hakuomba lolote. Alitaka tu asubuhi hiyo iendelee.

Saa nne Robert alikwenda kwa Arakaza na ubao wake wa kuandikia. Alizungumza kwa upole.

"Dada, ndege haitasubiri. Mnyama ni wako, na wewe kwa sheria ni mtu mzima. Ni wewe wa kumwondoa."

Arakaza alilitazama basi. Alimwona mama yake, ambaye kwa kutoona vizuri alikuwa amegeuzia uso dirisha la upande mwingine. Kisha alipiga magoti barabarani, akashika pembe moja, akamwambia fahali maneno machache ya Kirundi sikioni. Fahali hakuinuka. Akamwambia tena. Ndipo akainuka, miguu ya nyuma kwanza, polepole, kama mtu mzima anayetoka kwenye matanga, akamfuata hadi kwenye nyasi.

Basi lilipopita Arakaza hakupunga mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa shingoni mwa ng'ombe. Nduwayo aliweka kiganja kwenye kioo na kukiacha hapo. Robert alitazama saa, akaandika kwamba basi limeondoka saa nne na dakika ishirini, na kwamba njia ilikuwa wazi.